Ugumu wa mti hauzuii sanduku kupasuka

Kila anayetaka kutengeneza sanduku la kumbukumbu, la kuwekea barua, pete au kanga ya bibi, huambiwa jambo lilelile: tafuta mti mgumu, halitapasuka. Naomba tuliache. Mkaratusi ni mgumu kwelikweli, na hupinda na kupasuka ovyo. Mninga unakubali patasi bila ugomvi, na ni miongoni mwa mbao zetu zinazosinyaa kidogo kabisa. Cha kuuliza ni ubao utatanuka na kusinyaa kiasi gani hewa ikibadilika, na kama umeuachia nafasi.

Kwa urefu ubao karibu hausogei. Kazi yote iko kwenye upana. Tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa upana: duara za mti zikiwa zimelala, utasinyaa karibu mara mbili ya ule ambao duara zake zimesimama. Mtiki wenye duara zilizolala hupoteza takriban 0.2% ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Sanduku limeundwa Tanga, ubao ukiwa na unyevu wa 14%, likahamia Dodoma kiangazi na kushuka hadi 10%: kitako cha mtiki huo, chenye upana wa sm 18, kitapungua karibu milimita moja na nusu. Kama ulikipaka gundi pande zote nne, upungufu huo utajitokeza kama ufa. Hata mkongo, mgumu ulivyo, utapasuka ukiufunga hivyo.

Kwa hiyo kitako kikae ndani ya mfuo, yaani mfereji mwembamba uliochimbwa kwenye kuta, kikiwa huru. Kwa kuta za mm 12, chimba mfuo wa kina cha mm 5, na kila upande wa upana acha mwanya wa mm 1 hivi. Ukitaka kisicheze, tia tone moja la gundi katikati ya kila ukuta mfupi, basi. Plaiwudi ndiyo unaweza kuigandisha kote, maana karibu haisogei.

Pembeni, mikia ya njiwa: meno yaliyopanuka nchani, yanayojaza mapengo ya ubao wa pili. Vitabu vinasema mwinamo wa 1:8 kwa mbao ngumu na 1:6 kwa laini. Kwa sanduku la sm 30 sioni tofauti yoyote ya nguvu, chagua unaokupendeza. Nina shaka pia na wanaodharau pembe za digrii 45, ambapo mbao mbili hukatwa mshazari na kugandishwa. Bila kitu kingine ni dhaifu, lakini ukizipitishia vibanzi vyembamba vya mpingo kwenye kona, kwa sanduku dogo zinatosha kabisa. Linaloharibu mikia ya njiwa ni mfuo wa kitako: ukiupitisha moja kwa moja kwenye ubao wenye mikia, unatokeza nje na kuacha kitundu cha mraba kwenye kona. Uishie ndani, kabla ya ncha ya mkia. Kwenye ubao wa pili upitishe hadi mwisho katika pengo ambalo mkia utalijaza, hautaonekana.

Mbao za dukani mara nyingi bado ni mbichi. Zipange karakanani zikiwa na vijiti katikati, pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki, na usikate chochote hadi uzito uache kushuka. Mtiki na mpingo vina mafuta: piga randa na uunganishe siku hiyohiyo, au futa kwa asetoni kabla ya gundi. Vumbi la mninga na mvule linaumiza kifua, vaa barakoa.

Ndani usipake mafuta ya kitani. Sanduku likifungwa yanachacha, na harufu inaingia kwenye nguo na karatasi. Shelaki nyembamba, aina ya vanishi, inatosha, au uache mbao tupu.

Bawaba ziwe za shaba ya manjano, na skrubu zake vilevile. Shaba ni laini: toboa kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho, itoe, ndipo uweke ya shaba. Ukiilazimisha kwenye mkongo, kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani ya kifuniko.