Msaidizi wa daktari wa meno na kazi za ziada: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba msaidizi aliyekaa kliniki muda mrefu amekwisha kuhitimu kwa macho, kwa hiyo foleni ikizidi aachiwe sindano ya ganzi. Katika kliniki ndogo za Dar es Salaam, iwe Mbagala au Tegeta, ni rahisi kuliona jambo hili la kawaida, maana wagonjwa ni wengi na mikono ni michache.

Ni hatari kubwa. Chukua hesabu ya ganzi yenyewe. Katriji, yaani kichupa kinachopachikwa kwenye sindano, ya mililita 1.8 ya lignokeni (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 ina miligramu 36 za dawa. Kwa kikomo cha miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, mtoto wa kilo 15 asizidishiwe miligramu 66. Katriji mbili tu zina 72. Anayetazama kutoka pembeni huona sindano ikiingia na mdomo ukifa ganzi. Hesabu aliyoipiga daktari kichwani haioni, na pengine hakusikia mgonjwa akiulizwa kuhusu moyo na presha. Hata ule mvuto mdogo wa kurudisha nyuma kisukumio cha sindano, wa kuhakikisha ncha haimo ndani ya mshipa wa damu, humpita.

“Lakini daktari mwenyewe ameniagiza.” Agizo la bosi halitoshi. Taaluma hizi zinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari wa meno husoma chuo kikuu miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Tabibu wa meno husoma stashahada ya miaka 3. Ndio waliofundishwa kuchoma ganzi, kung’oa na kuziba.

Basi msaidizi abaki kushika mrija wa kunyonya mate maisha yake yote? Hapana, na dhana hii inanisikitisha sawa na ile ya kwanza, kwa sababu inawakatisha tamaa vijana wenye uwezo. Uingereza, ambako wauguzi wa meno, yaani wasaidizi wa daktari wa meno, hulazimika kusajiliwa tangu 2008, muuguzi aliyeongeza mafunzo na kuthibitishwa umahiri wake anaweza kupaka vanishi ya floridi (dawa ya kukinga meno yasioze), kupiga eksirei, hata kuchukua umbo la meno kwa nyenzo laini inayoganda mdomoni. Kubaini ugonjwa na kuchoma ganzi havimo.

Hata hiyo vanishi, wapo wanaosema ni kupaka tu kama rangi ya kucha. Vanishi inayotumika zaidi ina floridi 22,600 ppm (sehemu kwa kila milioni), ilhali dawa ya meno ya kawaida ina kati ya 1,000 na 1,500. Mpakaji lazima ajue kiasi kidogo kinachomtosha mtoto. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa msonobari, kwa hiyo aulize kwanza kuhusu mzio na pumu iliyowahi kumlaza mgonjwa hospitalini.

Eksirei nayo si kitufe tu. Vyanzo vya mionzi nchini viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na picha iliyokosewa ikirudiwa, mgonjwa amepigwa mionzi mara mbili.

Kuhusu vyeti vya mtandaoni kutoka Marekani: huko kwenyewe kila jimbo lina kanuni zake kwa wasaidizi, na kinachoruhusiwa jimbo moja huweza kukatazwa jimbo la pili. Cheti hicho kinaweza kukuongezea maarifa. Ruhusa ya kumgusa mgonjwa wa Temeke hakikupi.

Kwa msaidizi anayetaka kupanda, ushauri wangu ni huu: kabla ya kukubali kazi mpya, muulize mwajiri ni chuo gani kinachotambuliwa kitakufundisha, nani atakusimamia ukifanya kwa mgonjwa halisi, na nani atatia saini kwamba umeiweza. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini B, ambayo kwa kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Asiye na majibu ya maswali haya asikukabidhi sindano.