Mwisraeli wa kwenye filamu amechaguliwa na nani?

Walio wengi nje ya Israel hawajawahi kuketi meza moja na Mwisraeli. Wanamjua kwa maandiko matakatifu, kwa habari za vita na kwa filamu, na filamu ndiyo inayompa sura na sauti.

Mwaka 1977 Menahem Golan alitoa filamu ya uokoaji wa mateka Entebbe, Uganda, tukio la Julai 1976. Jeshi la Israel lilimpa ushirikiano. Mtazamaji aliondoka na picha ya komando asiyetetereka. Waganda, wakiwamo askari waliouawa usiku ule, wamo kama watu wa kupita tu.

Miaka thelathini baadaye picha iligeuka. Waltz with Bashir ya Ari Folman (2008) inaanza na mbwa 26 wakikimbia mjini kwa hasira. Ni ndoto inayomsumbua rafiki wa Folman: vitani Lebanon, mwaka 1982, kazi yake ilikuwa kuwapiga risasi mbwa wa vijijini wasibweke na kuamsha watu. Idadi yao hajaisahau. Filamu hiyo ya katuni ilipata Golden Globe. Mwaka 2009 filamu iitwayo Lebanon, ya Samuel Maoz, ikatwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Hapo dunia ikampata Mwisraeli mwingine, askari anayesutwa na dhamiri. Ni filamu za kweli na za ujasiri. Lakini tazama uchungu wa nani umewekwa katikati: katika Waltz with Bashir, wanawake wa Sabra na Shatila, makazi ya Wapalestina mjini Beirut yaliyokumbwa na mauaji ya halaiki mwaka 1982, wanaonekana mwishoni, wanalia, hatuambiwi hata majina yao.

Tunawahimiza watazamaji, walimu hasa, wawe na mazoea ya kuuliza filamu imegharamiwa na nani, tamasha gani limeichagua, nani anazungumza na nani anaonekana tu. Filamu nyingi za Israel zinazofika nje hupitia matamasha ya Cannes, Venice au Berlin, mara nyingi kwa fedha za Ufaransa na Ujerumani pia. Vichekesho vinavyojaza kumbi za Tel Aviv husafiri kwa nadra.

Ajami (2009) inaonyesha uzito wa maswali hayo. Ilitengenezwa Jaffa na Scandar Copti, Mpalestina raia wa Israel, pamoja na Yaron Shani, Myahudi. Wahusika wake huzungumza Kiarabu kwa sehemu kubwa. Iliteuliwa kuwania Oscar kwa jina la Israel. Kabla ya sherehe, Copti alisema wazi kwamba yeye haiwakilishi nchi hiyo.