Alama moja haithibitishi seli shina ya ini

Kwa mara nyingine nimeletewa picha ya hadubini yenye seli zinazong'aa kijani, na chini yake maelezo yaleyale: seli shina (zinazoweza kujizalisha na kuzaa seli za aina nyingine) zilizotengwa kutoka kwenye ini la kiinitete cha panya. Kijani hicho ni alfa-fetoprotini, protini ya ini changa, na ushahidi mwingine haupo. Imani kwamba alama moja, yaani protini moja ya kutambulishia aina ya seli, inatosha kuitambulisha seli shina imeshanichosha, kwa hiyo naieleza hoja yangu kwa urefu, ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Karibu kila hepatoblasti, yaani seli changa ya ini la kiinitete, hutengeneza alfa-fetoprotini, iwe ina uwezo wa kujizalisha au imekwisha kushika njia ya kuwa hepatosaiti, seli kuu ya ini. Kifuko cha kiini cha yai kinachoambatana na kiinitete nacho huitengeneza, na uvimbe mwingi wa saratani ya ini vilevile. Isitoshe, protini hiyo imo ndani ya seli. Ili kingamwili iifikie, hatuna budi kuihifadhi seli kwa formaldehaidi na kuutoboa utando wake, yaani kuiua. Seli zilizopigwa picha, basi, haziwezi kuwa ndizo zilizokuzwa.

Ndiyo maana tunatumia alama za uso wa seli. Katika siku ya 13 au ya 14 ya mimba ya panya, ini ni kiwanda cha damu, na seli nyingi zilizomo ni za ukoo wa damu. Anayetafuta seli shina humo bila kusema ni za nini atazipata kwa urahisi, ila zitakuwa za damu. Tishu humeng'enywa kwa kimeng'enya kolajenasi, seli zenye CD45 na TER119 (alama za seli za damu) hutupwa, kisha huchukuliwa zenye alama za uso wa hepatoblasti: E-kadherini, au DLK1, au mchanganyiko wa c-Met na CD49f ambao Suzuki na wenzake nchini Japani waliutumia katika kazi yao ya mwaka 2002. DLK1 hufifia kadiri kuzaliwa kunavyokaribia, kwa hiyo kichujio kilichofaa siku ya 13 kisibebwe kikiwa vilevile hadi siku ya 18.

Linaloniudhi hasa ni koloni linalodaiwa kutokana na seli moja. Mtu hutawanya seli sahanini kwa msongamano mdogo, baada ya siku kadhaa huona duara la seli zilizobanana, hukuta albumini (alama ya hepatosaiti) upande mmoja na keratini 19 (alama ya seli za mirija ya nyongo) upande mwingine, kisha hutangaza kwamba seli moja imezaa hepatosaiti na kolanjiosaiti, yaani seli za mirija ya nyongo. Lakini seli hizi hunatana. E-kadherini ileile tunayozichagulia ndiyo inayozishikanisha, na kolajenasi, inapoiacha salama, huacha pia jozi na vikundi vya tatu tatu. Mashine ya kuchambua seli kwa leza yaweza kuhesabu jozi ya hepatoblasti kuwa seli moja, na hepatoblasti iliyong'ang'aniwa na erithroblasti (seli changa ya damu nyekundu) hutupwa pamoja nayo kwa kosa la TER119. Aidha, seli hutembea, na makoloni mawili jirani huungana usiku yakaonekana asubuhi kuwa moja. Dawa yake ni kuweka seli moja katika kila kisima (kishimo kidogo cha sahani), kukitazama kwa hadubini kabla haijagawanyika, na kukifuta kwenye hesabu kila kisima chenye utata. Ni kazi ya kuchosha macho, na makoloni huwa machache kiasi cha kukatisha tamaa, kwa kuwa hepatoblasti iliyo peke yake hufa upesi; ndiyo sababu tunatandika protini za kuzishikilia seli, laminini au kolajeni ya aina ya nne, tunaongeza vichocheo vya ukuaji HGF na EGF, na wengi huweka mwanzoni kizuizi cha kimeng'enya ROCK ili seli zisife.

Hata koloni likitoka kweli kwa seli moja, bado sijaridhika. Seli inayobeba albumini na keratini 19 kwa pamoja si ushahidi wa njia mbili. Ama haijaamua, ama imevurugwa na plastiki, maana hata hepatosaiti za mnyama mzima zikikuzwa kwenye sahani tambarare huanza kuonyesha alama za mirija ya nyongo. Nataka kuona makundi mawili tofauti yakifanya kazi: hepatosaiti zinazohifadhi glaikojeni baada ya kupewa onkostatini M na deksamethasoni, vichocheo vya kuzikomaza, na kolanjiosaiti zinazojipanga ndani ya jeli kuwa mirija yenye uwazi. Kisha koloni livunjwe, seli zake zipandwe upya moja moja, na zitoe tena makoloni ya namna hiyo.

Na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Ndani ya kiinitete, hepatoblasti hudumu siku chache tu. Zinazopakana na mshipa wa lango la ini hupokea ishara ya Notch (mojawapo ya njia za seli jirani kuwasiliana) na kuwa mirija ya nyongo, na nyingi kati ya zilizobaki huwa hepatosaiti. Sahanini twaweza kuzigawanyisha kwa miezi. Sishawishiki kwamba uwezo huo wote ulikuwamo tangu awali. Huenda sehemu yake imeumbwa na vichocheo vyetu na vizuizi vya ishara ya TGF-beta. Kwa hiyo, katika ripoti zangu seli iliyotoka kwenye mashine huitwa hepatoblasti, si seli shina, hata kama wahakiki hulalamika kwamba jina hilo linaupunguzia utafiti mvuto.