Gazeti la mtandaoni linapata wapi fedha?

Unapofungua habari kwenye simu ukakuta tangazo la viatu ulivyovitazama jana, usidhani gazeti limevuna sana. Nafasi hiyo ilipigwa mnada na kompyuta ndani ya muda usiofika sekunde moja, na kila dalali aliyesimama kati ya mtangazaji na gazeti alikata chake. Bei yenyewe hupangwa kwa kila mara elfu moja tangazo linapoonekana. Juu ya hayo, Google na Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, humjua msomaji kuliko gazeti linavyomjua, kwa hiyo fungu kubwa la fedha za matangazo huishia kwao.

Kwa maoni yangu, kukimbilia wingi wa wasomaji ndiko kulikoyapotosha magazeti mengi. Fedha ya kutegemewa hutoka kwa wachache wanaorudi kila siku. The New York Times, gazeti la Marekani, ilipoanza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni mwezi Machi 2011, iliruhusu makala 20 za bure kwa mwezi, na mwaka uliofuata ikazipunguza hadi 10. Mpita njia hakufukuzwa. Aliyeombwa alipe ni yule aliyekwisha kuzoea. Mwaka 2020 mapato yake ya kidijitali yakayapita ya karatasi. Mwaka 2022 ikanunua mchezo wa maneno wa Wordle, na kwa dola milioni 550 ikanunua The Athletic, tovuti ya habari za michezo. Wapo wahariri wanaoguna wakisikia hivyo, lakini anayeingia kila asubuhi kucheza hasahau kwa nini analipia.

The Guardian, gazeti la Uingereza, imeacha tovuti yake wazi na kuwaomba wasomaji wachangie kwa hiari. Njia hiyo hulifaa gazeti ambalo wasomaji wake wanaliona ni lao. Lisilo na wasomaji wa namna hiyo litaomba hadi lichoke.

Kuna pia fedha za kampuni za teknolojia, nazo hazina uhakika. Kanada ilipotunga sheria mwaka 2023 ya kuzitaka zilipie habari, Meta ilizuia habari kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press liliingia mkataba na OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, kuhusu matumizi ya kumbukumbu za habari za shirika hilo, na ilipofika Desemba, The New York Times ikaishtaki OpenAI kwa kutumia makala zake bila idhini.