Wanawake watano na kishi: mnavyodhani na ilivyo

Kila nikilitaja hili igizo kuna mtu anasikia jina tu ashahukumu. 5 Lesbians Eating a Quiche, yaani wasagaji watano wanakula kishi. Mmoja anacheka, mwingine ananuna, na wote wawili hawajaliona. Kwa kifupi ni komedi ya Chicago, stori yenyewe iko mwaka 1956, chama cha kina mama kina kifungua kinywa chao cha kila mwaka, viongozi watano wako mbele, wote eti wajane, na roho ziko juu wakisubiri kishi itakayoshinda mwaka huo (kishi ni kama pai ya mayai isiyofunikwa juu, asili yake Ufaransa). Raha ikiwa imenoga king'ora cha bomu la atomiki kinalia, hakuna kutoka, na hapo ndo siri zinaanza kumwagika.

"Hilo ni igizo la ngono tu." Ukienda kwa hilo utarudi na njaa yako tu. Utani wa mafumbo upo, wanalisifia yai mpaka unajiuliza hivi bado tunaongelea yai kweli, ila ni mafumbo ya kitaarab, anayeelewa anacheka asiyeelewa anaendelea na karanga zake. Sheria za chama chenyewe ni hakuna wanaume, hakuna nyama, na adabu kwa kwenda mbele.

"Wameandika wasagaji kujisifia." Walioandika ni wanaume wawili, Evan Linder na Andrew Hobgood, wa kundi la maigizo la The New Colony. Lilitoka 2011, mwaka uliofuata likaenda tamasha la maigizo la Fringe la New York likabeba tuzo ya onyesho bora kuliko yote. Mi mwenyewe kuna sehemu nilihisi hawa wanawake wamechorwa kwa mbali kidogo, kama mtu anayekusimulia jiko ambalo hajawahi kulipikia. Na hilo neno msagaji tunalirusha kama jiwe, wakati shoga kwa bibi zetu wa pwani ni rafiki wa kike wa kufa na kuzikana, lugha hii ina vituko.

"Mtazamaji unakaa tu unaangalia." Thubutu! Onyesho nililoenda mimi mlangoni nilibandikwa karatasi kifuani, nikawa Marjorie. Baba mmoja wa makamo, kitambi chake na saa yake kubwa, akawa Dorothy, akakaa pembeni yangu. Sisi ndo wanachama, wale watano wanatusalimia kwa hayo majina, wanatuulizia hali. Sasa inafika mahali wanakiri mmoja mmoja kwamba hawajawahi kuwa wajane wala nini, wanapenda wanawake basi, na wanataka na sisi tukiri, kwa sauti. Dorothy wangu alicheka, akanyamaza, akaangalia viatu vyake, halafu akasema, na hakusema kwa utani. Sijui ana nani nyumbani kwake na sikumuuliza.

Hii inayofuata ndo inayonikera. "1956 vyama kama hivyo havikuwepo, wamebuni." Chama cha kwenye igizo ni cha kubuni ndio, lakini mwaka mmoja kabla, 1955, huko San Francisco, wanawake wanane walikutana nyumbani kwa mmoja wao wakaanzisha Daughters of Bilitis, chama cha kwanza cha wanawake wanaopenda wanawake Marekani kinachojulikana. Mwenye wazo alikuwa Rose Bamberger, mwanamke Mfilipino, alichokuwa anataka ni sehemu ya kucheza muziki na wenzake bila kukodolewa macho na bila polisi kuvamia, maana baa zilikuwa zinavamiwa, na tangu 1953 rais Eisenhower alishasaini amri iliyowafukuzisha wengi kazi za serikali kwa sababu hiyo hiyo. Jina lenyewe walilitoa kwenye mashairi ya Kifaransa, makusudi, likasikika kama chama chochote cha kina mama, ukiulizwa unasema tunasoma mashairi. Sasa niambie, tofauti na "sisi ni wajane tunapika kishi" iko wapi? Kwetu pia mwanamke anayeishi peke yake ataulizwa mume yuko wapi mpaka achoke, ila mjane anapewa pole na kiti.

Oktoba 1956 hao Daughters of Bilitis wakatoa jarida, The Ladder. Mhariri alikuwa Phyllis Lyon lakini jina lililoandikwa ni la kubuni, Ann Ferguson, akaona haiwezekani awaambie wenzake wasiogope huku yeye kajificha, baada ya matoleo machache wakatangaza kwenye jarida hilo hilo kwamba Ann Ferguson amefariki, na Phyllis akatokea kwa jina lake. Yeye na mwenzake Del Martin walikuja kuoana kisheria Juni 2008, na Del akafa Agosti ya mwaka huo huo.

"Mambo haya jukwaani ni mapya." 1923 Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, waigizaji walishtakiwa kwa igizo lenye wanawake wawili wanaopendana, God of Vengeance, kwa hiyo hapana.

Ya mwisho: "wakishakuwa wao kwa wao wanapendana tu." Wee! Kwenye igizo bomu liko nje na wao wanagombana humo ndani. Na Daughters of Bilitis nao walikuwa na sheria ya mavazi, suruali ruksa ila iwe ya kike, mtu asije na ya kiume akawaharibia sura kwa jamii. Walikimbia jicho la watu wakaenda kuliweka mlangoni kwao wenyewe. Haikupita muda wakagawanyika, wengine wanataka jarida na mikutano ya wazi, wengine wanataka club ya siri ya kucheza muziki, na Rose mwenye wazo akawa kati ya walioondoka. Anayeshangaa amuulize yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikoba.