Kukodisha Nyumba Uliyokodi: Yasemwayo Mombasa na Yaliyo Sheriani

"Kodi nalipa mimi, namtia nimtakaye."

Kumkaribisha mgeni ni jambo moja. Kumpa mtu chumba kwa malipo ni jingine. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, inamfunga mpangaji hata kama mkataba umenyamaza: asikodishe tena nyumba wala sehemu yake bila ridhaa ya mwenye nyumba, ya maandishi, iliyotolewa kabla. Huenda mwenye nyumba amesalimiana na mpangaji wako mlangoni mwaka mzima, lakini siku ya ugomvi utaulizwa karatasi.

"Basi mwenye nyumba akikataa, yamekwisha."

Hayajaisha. Kifungu hicho hicho kinasema ridhaa isizuiliwe bila sababu ya maana, na sehemu hii ndiyo wapangaji wengi hawaijui. Kukataa kwa sababu chumba kimoja kitalala watu wanane, au nyumba ya kuishi itageuzwa karakana ya kuchomea vyuma, kuna maana. Kukataa kwa kabila au dini ya anayekuja hakuna.

Kwa hivyo omba kwa barua. Taja jina la mtu, atatumia vyumba vipi, kwa kazi gani, tangu tarehe ipi hadi ipi. Toa nakala mbili, moja atie sahihi na tarehe ya kuipokea, ubaki nayo. Lipa kwanza malimbikizo ya kodi, maana deni ni sababu nzuri ya kukukatalia.

"Nikishamkodisha mwingine, kodi ni shauri lake."

La. Kwa mwenye nyumba, mdaiwa ni wewe, na mlango ukivunjwa utaulizwa wewe. Wala huwezi kutoa zaidi ya ulichonacho: aliyebakiwa na miezi 8 hawezi kumpa mtu mwaka.

Wewe unayeingia chini ya mpangaji mwingine, usitoe dipoziti kwa maneno ya dalali. Taka kuona mambo matatu: mkataba wa mpangaji mkuu, ile ridhaa ya maandishi, na risiti za kodi za miezi ya karibuni. Kodi yako isipofika kwa mwenye nyumba, dalali wa mnada anaweza kubisha hodi kuchukua vyombo vya ndani, nawe hudaiwi hata senti. Lipa kwa M-Pesa au benki, na uweke risiti za friji na kitanda chako, uweze kuonyesha ni vyako.

"Mwenye nyumba akigundua, anaweza kutia kufuli leo leo."

Kosa la mpangaji halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kung'oa mlango wala kukata maji. Ili avunje mkataba kwa kosa, lazima kwanza atoe ilani isiyopungua siku 30, ikitaja kosa lenyewe na kumpa mpangaji nafasi ya kulirekebisha kama linarekebishika. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ina ulinzi wa ziada: kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya jopo la kodi, yaani baraza la kisheria linaloamua mashauri ya wapangaji na wenye nyumba.

Mpangaji wa mwezi kwa mwezi asiye na ulinzi huo ajue pia kwamba anaweza kuondolewa bila kosa lolote, ila kwa ilani isiyopungua mwezi, na iishie siku ya kulipa kodi. Ilani ya tarehe 12 ikikutaka utoke tarehe 25 haina nguvu.

"Duka langu Marikiti halina mkataba wa maandishi, sina haki."

Hapa ukweli huwashangaza wengi. Duka, hoteli au mkahawa uliokodiwa kwa mdomo, au kwa maandishi yasiyozidi miaka 5, uko chini ya Sheria ya Kenya Sura ya 301. Ilani ya kukutoa iwe kwenye fomu maalumu na isipungue miezi 2. Ukiipokea, jibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kwamba hukubali, kisha peleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyotajwa. Wanaopoteza maduka kwa ilani kama hizi mara nyingi ni walioitia karatasi kwenye droo wakingoja kuzungumza na mwenye duka.