Katiba ya jimbo nchini Marekani ni nini?

Kila moja ya majimbo 50 ya Marekani ina katiba yake, yenye orodha yake ya haki, na mahakama yake ya kuitafsiri. Usiufananishe mpango huu na ugatuzi wa Kenya: kaunti 47 zina magavana na mabunge, lakini zote zinategemea Katiba moja ya 2010. Zanzibar, yenye Katiba yake ya 1984, inakaribia zaidi.

Katiba ya shirikisho ndiyo yenye nguvu zaidi. Ibara yake ya 6 inasema sheria halali ya shirikisho ikigongana na ya jimbo, ya jimbo huanguka, hata kama imeandikwa katika katiba ya jimbo hilo. Upande wa pili, Marekebisho ya 10 ya mwaka 1791 yanayaachia majimbo, au wananchi wenyewe, mamlaka yote ambayo shirikisho halikupewa. Kwa hiyo haki za katiba ya shirikisho ni kiwango cha chini. Jimbo haliwezi kumpunguzia raia, ila linaweza kumwongezea. Likimwongezea kwa kutegemea katiba yake lenyewe, bila kuvunja sheria ya shirikisho, kesi huishia kwa majaji wa jimbo. Katika kesi ya Michigan dhidi ya Long ya mwaka 1983, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaka tu jambo hilo lisemwe waziwazi kwenye hukumu.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa San Antonio, Texas. Wilaya ya shule ya Edgewood ilikuwa na wakazi wengi maskini, wengi wao wenye asili ya Mexico. Walitozwa kodi ya majengo, inayochangia fedha za shule za wilaya, kwa kiwango cha juu kuliko majirani zao matajiri wa Alamo Heights, na bado, katika mwaka wa masomo wa 1967–68, Edgewood ilikuwa na dola 356 kwa kila mwanafunzi dhidi ya 594 za Alamo Heights. Nyumba za bei ya chini hazitoi kodi nyingi, hata uzikamue vipi. Wazazi, akiwemo Demetrio Rodriguez, walikwenda mahakama za shirikisho. Mwaka 1973 wakashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4: elimu, walisema walio wengi, si haki ya msingi chini ya Katiba ya Marekani. Jaji Thurgood Marshall, aliyepinga hukumu hiyo, aliandika katika tanbihi kwamba hakuna kinachozuia mifumo kama hiyo kupimwa kwa katiba za majimbo.

Ndivyo ilivyokuja kuwa. Katiba ya Texas ya 1876 inaliagiza bunge la jimbo kuweka mfumo wa shule za umma ulio "fanisi". Edgewood ikarudi mahakamani, safari hii ikishika neno hilo, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas ikaipa ushindi kwa kauli moja. Malalamiko yalikuwa karibu yale yale, ila katiba ilikuwa nyingine.

Hapo ndipo wapiga kura walipoingia. Texas haibadilishi katiba yake bila kura ya wananchi, na imeshaibadilisha zaidi ya mara 500, dhidi ya marekebisho 27 tu ya katiba ya shirikisho. (Mengine ni madogo mno: mwaka 2007 walipiga kura kufuta cheo cha mkaguzi wa ngozi na wanyama.) Mei 1993 waliulizwa kama wanakubali katiba iruhusu fedha za shule za wilaya tajiri zigawiwe wilaya maskini. Wakakataa. Wiki chache baadaye bunge likapitisha sheria ya kawaida inayofikia lengo hilo kwa njia nyingine, na mwaka 1995 mahakama ikaikubali.

Sioni hapo demokrasia safi ya kupigiwa mfano. Majaji wa mahakama hiyo wenyewe huchaguliwa kwa kura, kwa tiketi za vyama, na mwananchi aliyesema hapana Mei ana haki ya kununa. Lakini waliompitishia sheria ile na waliomhukumia walikuwa watu ambao angeweza kuwaondoa kwa kura muda wao ulipofika, huko huko Texas.